Kuseti saspensheni ya gari zito la rimoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya hunijia kutoka kwa watu waliozoea magari madogo ya kilo mbili, wakapata lori la kilo kumi, na wakakuta yale waliyoyajua hayafanyi kazi tena. Nimeyajibu kwa mpangilio ninaoufuata mezani kwangu, kwa hiyo kama ni mara yako ya kwanza, soma kuanzia juu. Jambo moja litajirudia mpaka chini: springi inabeba uzito, oili iliyo ndani ya shokapu inatawala mwendo. Magari mengi yanayoletwa kwangu yakiwa "yamekataa kuseteka" yametwishwa oili kazi ya springi, au springi kazi ya oili.

Gari zito ni lipi hasa?

Nazungumzia magari ya nje ya barabara ya tabaka la Traxxas X-Maxx, Arrma Kraton 8S na Losi 5IVE-T. X-Maxx bila betri ina kilo 8.7 hivi, na ukiingiza betri mbili za lipo inakaribia kilo 10. Hesabu zote hapa chini nimezifanya kwa gari la kilo 10. Kama lako lina kilo 5, utaratibu ni uleule, ila usinakili namba zangu.

Kwa nini nisitumie seti niliyokuwa nayo kwenye gari dogo, niongeze ugumu tu?

Kwa sababu uzito na nguvu ya vyuma havikui pamoja. Chukua gari ulikuze mara mbili kwa urefu, upana na kimo. Uzito wake unakuwa mara nane. Shafti ya shokapu ukiikata na kuangalia eneo la mkato, imekuwa mara nne tu. Maana yake kila milimita ya chuma na plastiki kwenye gari kubwa inabeba mzigo mara mbili ya ule wa gari dogo.

Halafu kuna kutua. Gari la kilo 2 likianguka kutoka mita moja linafika chini na nishati ya jouli 20 hivi. La kilo 10 linafika na jouli 98. Nishati hiyo lazima iishie mahali. Shokapu ikiwa na nafasi ya kutembea, inaishia kwenye oili kama joto. Ikiwa ngumu kama fimbo, inaishia kwenye ami (mikono inayoshika magurudumu), kwenye bulkhedi (kizimba ambamo ami zinafungwa) na kwenye nyuzi za skrubu. Ugumu si uimara, na hilo ndilo gumu zaidi kumwelewesha mtu aliyetoka kuvunja kitu, kwa sababu akili yake yote inamwambia akaze zaidi.

Nianze na nini kabla ya kugusa springi au oili?

Anza na ami zikiwa wazi. Fungua shokapu zote nne upande wa chini, shika ncha ya ami kwa kidole, iinue mpaka juu, iachie. Inatakiwa ianguke yenyewe kwa uzito wake mpaka mwisho, bila kusita katikati. Ikisita, tafuta: pini iliyopinda, mchanga kwenye tundu la pini, au bolujointi iliyobanwa kupita kiasi. Niliwahi kukaa siku nzima nabadilisha oili ya nyuma kushoto kwa sababu gari lilikuwa linainama upande huo, kumbe pini ya ami ilikuwa imepinda kidogo mno kuonekana kwa macho. Niliigundua nilipoiviringisha juu ya kioo cha meza, ikawa inaruka badala ya kuteleza. Tangu siku hiyo kila pini inapitia kwenye kioo kwanza.

Kisha pima gari likiwa tayari kwa safari: betri zote ndani, bodi juu, tairi zile utakazotumia. Gari lililosetiwa bila betri ni gari jingine kabisa.

Gari likae juu kiasi gani?

Hili ndilo swali lenye faida kuliko yote, na wengi huliruka. Gari likisimama lenyewe, linatakiwa liwe limezama kidogo kwenye springi zake. Usiliache limenyooka mpaka juu kabisa, wala lisilale tumboni. Kwa matumizi ya kuruka na kukimbia kwenye changarawe, mimi hulenga kuzama kwa asilimia 30 hivi ya mwendo wote wa gurudumu. Kama gurudumu linaweza kutembea milimita 100 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, basi gari likisimama liwe limetumia 30 au kidogo zaidi.

Hizo 30 zina kazi. Ndizo zinazoliwezesha gurudumu kushuka linapokutana na shimo. Gari lililoinuliwa mpaka mwisho linapendeza likiwa limeegeshwa, lakini gurudumu halina pa kushukia. Likipita kwenye korongo dogo linaning'inia hewani, halishiki ardhi, na usukani hauna kazi.

Jinsi ya kupima: weka gari mahali palipo sawa. Meza ya jikoni inafaa ukiihakikisha kwa pimamaji. Linyanyue kwa mbele mpaka magurudumu yaanze kuacha meza, pima umbali kutoka mezani hadi chini ya chasisi. Likandamize, liachie, kisha lisukume mbele na nyuma nusu mzunguko wa tairi. Usiruke hatua hiyo ya kusukuma. Gari zito lina tairi pana, na zinapotanuka na kujikusanya hushika meza kwa msuguano, kwa hiyo gari hubaki limesimama juu kuliko ukweli wake. Baada ya kulisukuma, pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kuzama kwake. Rudia kwa nyuma. Kushoto na kulia visipishane zaidi ya milimita mbili. Vikipishana, mara nyingi ni betri moja nzito kuliko nyenzake au springi iliyochoka.

Nikikaza ile pete ya juu ya springi, springi si inakuwa ngumu?

Hapana. Najua wanavyosema mitaani, lakini hapana.

Tufanye hesabu. Gari la kilo 10, toa uzito wa magurudumu na vilivyo nje ya springi, kila kona inabaki na kilo 1.8 hivi za kubeba, sawa na nyutoni 18. Shokapu haifungwi kwenye gurudumu lenyewe, imefungwa kwenye ami. Tuseme iko asilimia 60 ya njia kutoka kwenye pini hadi gurudumu. Kwa sababu ya wenzo huo, springi inasikia nyutoni 30 badala ya 18. Ikiwa springi ni ya nyutoni 1.5 kwa milimita, itajibana milimita 20, na kwenye gurudumu hiyo ni 33. Ndiyo theluthi yetu ile.

Sasa zungusha pete ishuke milimita 5. Uzito wa gari haujabadilika, kwa hiyo springi bado inahitaji nyutoni 30 zilezile na bado inajibana milimita 20 zilezile. Kilichotokea ni kwamba gari zima limepanda kama milimita 8. Na kila milimita mpya utakayoikandamiza bado inadai nyutoni 1.5. Umebadilisha kimo, hujagusa ugumu.

Kwa hiyo pete ni ya kurekebisha kimo. Ukilazimika kuikaza karibu mpaka mwisho ndipo gari lisimame sawa, springi ni laini mno, nunua ngumu zaidi. Ukiilegeza yote na gari bado halizami hata robo, springi ni ngumu mno.

Oili ya 40 ya kampuni hii na ya 40 ya kampuni ile ni sawa?

Usizichukulie kuwa sawa. Namba hizo kila kampuni inazipanga kivyake. Angalia kwenye chupa kipimo cha sentistoku, yaani cha uzito wa oili inavyotiririka, kinachoandikwa cSt, hicho ndicho kinacholinganishika. Kwa Team Associated, 30 ni cSt 350, 40 ni 500, 50 ni 650. Kampuni nyingine hata ikiandika 40, cSt zake zinaweza kuwa juu au chini ya hapo. Andika cSt kwenye daftari lako, sahau namba ya mbele ya chupa.

Na tafadhali, oili iwe ya silikoni. Kuna wanaotia oili ya injini ya bodaboda kwa sababu ni rahisi kupatikana. Oringi nyingi za shokapu hizi, zile pete za kuzuia oili isivuje, ni za silikoni, na oili ya petroli huzivimbisha. Wiki mbili baadaye shafti inabana, na wiki ya tatu inavuja.

Nitajuaje oili ni nyepesi au nzito mno?

Kwa majaribio mawili, na kwa macho yaliyotulia.

La kwanza ni la mezani. Kandamiza pua ya gari mpaka chini, achia mkono ghafla. Inatakiwa ipande kwa mwendo mmoja laini na kusimama. Ikipita kimo chake, ikarudi chini, ikapanda tena, oili ni nyepesi. Ikipanda polepole kama mtu anayeamka kwenye kochi baada ya ugali mzito, oili ni nzito.

La pili ni la kudondosha. Nyanyua gari zima sentimita 30, magurudumu yote manne yakiwa usawa, liachie lianguke kwenye ardhi ngumu. Sikiliza. Unataka tumbo la chasisi liguse chini kidogo, sauti ya kofi jepesi, kisha gari linyanyuke na kutulia. Likigonga kwa kishindo, halina uzuio wa kutosha. Likiruka tena kama mpira, oili ni nyepesi kwa springi hizo. Lisipogusa kabisa na likasimama kikakamavu, umelikaza mno, na ukiruka kutoka mita mbili utaokota vipande.

Magari mengi ya kilo 10 niliyoyashika yametulia kati ya cSt 500 na 1,000, ikitegemea matundu ya pistoni, kile kisahani kinachotembea ndani ya oili kwenye ncha ya shafti. Mimi huanza na 600 kisha napanda au kushuka.

Oili nzito mno ina ugonjwa wake ambao mezani hauonekani. Kwenye barabara yenye mawimbi, ile ya vumbi iliyochakazwa na malori, gurudumu linapandishwa na wimbi la kwanza. Kabla springi haijalirudisha chini, wimbi la pili limefika, halafu la tatu. Kila wimbi gari linazama zaidi, mpaka linakimbia likiwa limelala kwenye mwisho wa shokapu. Kwa mbali unaona kama gari limetulia vizuri sana. Nilidanganyika hivyohivyo: nilikuwa nimetia cSt 1,000 kwa ajili ya kuruka, nikalipitisha kwenye mawimbi, nikafurahi kuona bodi haitikisiki. Jiwe moja la ukubwa wa ngumi likakata ami ya mbele kulia, kwa sababu shokapu haikuwa na hata milimita ya kurudi nyuma. Ami ile bado ninayo, naitumia kuwaonyesha wanaoanza mahali inapokatikia: pembeni ya tundu la shokapu.

Hali ya hewa inahusika?

Inahusika. Oili ya silikoni haibadiliki sana kama oili za petroli, lakini inabadilika. Seti iliyo sawa Dar es Salaam saa nane mchana itakuwa nzito Njombe asubuhi ya Julai. Shuka cSt 50 hadi 100 kwenye baridi hiyo. Pia pima shokapu baada ya kukimbia dakika kumi, zikiwa na joto lake la kazi.

Matundu ya pistoni yana kazi gani ambayo oili haifanyi?

Oili unaisikia kila wakati, hata kwenye mwendo wa taratibu. Matundu madogo unayasikia zaidi pistoni inapokwenda kasi, kama wakati wa kutua. Oili inashindwa kupita kwa wakati, shokapu inajifunga. Kwa gari la kuruka tunautaka mfungo huo kiasi, ndio unaozuia tumbo lisipige chini. Kwa gari la mawe na mashimo hatuutaki.

Ukibadilisha tundu la milimita 1.3 kwa la 1.5, usidhani ni mabadiliko madogo. Eneo linakwenda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo njia ya oili imeongezeka kwa theluthi moja. Nikipanua tundu hivyo, napandisha oili pia, la sivyo gari linaogelea. Tundu kubwa na oili nzito ni seti moja, tundu dogo na oili nyepesi ni seti nyingine. Mezani zinaweza kufanana, zikitofautiana kwenye kutua tu.

Natiaje oili bila kuacha hewa ndani?

Polepole, na hakuna njia ya mkato.

Toa springi. Simamisha shokapu wima, shafti ikiwa imevutwa mpaka chini. Mimina oili mpaka milimita chache chini ya ukingo, kisha pandisha na kushusha shafti taratibu, taratibu kweli, mara kumi au kumi na tano. Utaona viputo vidogo vikitoka chini ya pistoni. Acha ikae dakika kumi. Mimi huzisimamisha nne zote kwenye kipande cha mbao nilichotoboa matundu, naenda kunywa chai. Ukirudi, viputo vimepanda juu. Pasua vilivyobaki kwa ncha ya karatasi, jaza mpaka ukingoni, sukuma shafti ndani kiasi kile kitabu cha gari lako kinavyosema, funga kofia, oili ya ziada itoke pembeni.

Jaribu kwa sikio. Sukuma shafti ndani na nje ukiwa umeiweka karibu na uso. Ukisikia mlio wa kufyonza, kama mtoto anayemalizia juisi kwa mrija, hewa imo, rudia. Kisha linganisha jozi: shika mbili za mbele, zigonganishe ncha kwa ncha, sukuma pamoja. Ikiwa moja inaingia na nyingine inabaki, hazijafanana, na gari litavuta upande.

Yale matundu mengi ya kufungia shokapu, nichague lipi?

Ukisogeza shokapu nje kwenye ami, saspensheni inakuwa ngumu zaidi, na hii si kidogo. Kutoka asilimia 60 ya ami kwenda 66, ugumu unaosikika kwenye gurudumu unaongezeka kwa asilimia 21, kwa springi ileile. Ukilaza shokapu upande wa juu, kuelekea katikati, inaanza laini na kukaza kadiri inavyobanwa. Ukiisimamisha, inakuwa ngumu kwa usawa toka mwanzo. Baada ya kuhamisha tundu lolote, rudi kupima kimo.

Gari linapinduka kwenye kona. Nikaze springi?

Kwanza shusha kimo milimita 5 hadi 10. Kisha angalia tairi. Tairi kubwa laini kwenye lami inashika kiasi kwamba gari refu haliwezi kuteleza, kwa hiyo linapinduka. Hilo si kosa la springi. Tairi zilizochakaa, au ngumu zaidi, zitakusaidia kuliko springi yoyote. Tairi zinazotanuka kwa mwendo kasi nazo huinua gari bila wewe kujua, na zile zenye mkanda ndani zinapunguza hilo sana.

Baada ya hapo ndipo ongeza fimbo ya kuzuia kuinama, ile inayounganisha ami ya kushoto na ya kulia. Inakaza gari kwenye kona lakini inaliacha laini magurudumu mawili yanapopanda pamoja. Gharama yake ni kwamba gurudumu moja likikanyaga jiwe, la pili linavutwa juu. Kwenye mawe mimi huitoa.

Likiruka, pua inashuka. Ni shokapu?

Mara nyingi ni kidole chako. Magurudumu ya gari zito yana uzito mkubwa, na yakiongezewa kasi hewani pua inapanda, ukibana breki pua inashuka. Anayeachia gesi ghafla kwenye ukingo wa tuta anaishusha pua mwenyewe.

Ila kama unaishika gesi vizuri na bado mkia unarushwa juu, tazama shokapu za nyuma. Zinabanwa kwenye tuta na kufyatuka gari linapotoka. Oili ya nyuma ongeza cSt 50 hadi 100, au weka springi laini kidogo nyuma.

Kwa nini watu wanahangaikia uzito wa magurudumu?

Kwa sababu springi haiubebi, bali inapigana nao. Tamiya Clod Buster ya mwaka 1987 ni mfano mzuri: mota zake mbili zimefungwa kwenye ekseli zenyewe, kila ekseli na yake. Ekseli ikigonga jiwe, mota nayo inapanda, na shokapu inabidi isimamishe uzito wote huo. Gari la namna hiyo hulitulizi kwa springi ngumu. Ukifunga rimu na tairi nzito kwenye lori lako la kisasa, unalirudisha upande huo, na utahitaji oili nzito zaidi kuliko ulivyozoea.

Alaimenti?

Magurudumu yaegemee ndani kwa juu digrii moja hadi mbili, gari likiwa kwenye kimo chake. Ya nyuma yaangalie ndani digrii mbili au tatu, yanalinyoosha gari ukikanyaga gesi. Ya mbele karibu na sifuri. Seti hii mwisho, kwa sababu kimo kikibadilika, nayo inabadilika.

Shafti zangu zinapinda kila wiki. Ninunue nene?

Angalia kwanza nini kinagusa mwisho gari likibanwa kabisa. Toa springi, funga shokapu, kandamiza gari mpaka chini. Tumbo la chasisi linatakiwa lifike chini kabla shokapu haijaisha. Kama shokapu ndiyo inayoisha kwanza, kila kutua unakupokea kwa shafti, na hata nene itapinda. Sogeza shokapu tundu moja, au weka kipande cha mpira laini kwenye shafti kama mto. Vilevile kwa upande wa kushuka: gari likining'inia, shokapu isiwe ndiyo kamba inayoshikilia magurudumu. Skrubu ndogo ya kikomo kwenye ami, kama gari lako linayo, ndiyo ya kazi hiyo.

Oili nibadilishe lini?

Gari likiwa jipya, baada ya kumaliza chaji ya betri mara tano au sita za kwanza, kwa sababu vumbi la plastiki na chuma cha kutengenezea hutoka humo. Baada ya hapo, kila betri 20 hadi 30, au mara tu shafti inapotoka na utando wa tope linalong'aa: hiyo ni oili inayovuja ikikamata vumbi, na vumbi hilo ni msasa kwenye sili. Ukiifungua na kukuta imegeuka kijivu, osha pistoni, kagua oringi moja moja kwenye mwanga, na zile za shokapu ya jirani zikague siku hiyohiyo.